Zamu Zinapovurugika: Goti Bovu na Misuli ya Mguu kwenye Miteremko ya Butembo

Mvua ikishanyesha Kimemi, njia za udongo huwa utelezi mtupu, na hapo ndipo goti bovu hujitangaza. Mama wa makamo anateremka kutoka shambani na mzigo wa sombe, yaani majani ya muhogo, na kuni mgongoni, mkanda umemkaza kwenye paji la uso. Hasemi kitu, mguu wake ndio unaosema. Anashuka kiubavu-ubavu, mguu mgonjwa ukitangulia, umenyooka na kukakamaa kama mwiko. Mkono mmoja umeshika paja. Kila unyayo unapogusa chini, paja zima linakaza, mbele na nyuma kwa pamoja, na linabaki limekaza hata baada ya mwili kupita. Akifika bondeni anatua mzigo, anakaa kwenye jiwe na kuanza kujikanda. Hakandi goti. Anakanda paja na shavu la mguu.

Kitendo hicho kidogo kinaonyesha upande wa ugonjwa ambao husahaulika sana. Mazungumzo kuhusu goti huishia kwenye goti lenyewe: mfupa umesagika, maji yamejaa, mafuta yamekwisha. Kinachotokea kwenye misuli inayolizunguka, ile inayofanya kazi ya kutembea kila siku, hakitajwi. Nayo ndiyo inayoamua kama mtu atafika sokoni na kurudi.

Kimemi ni moja ya komini nne za jiji la Butembo, mashariki mwa Kongo, pamoja na Bulengera, Mususa na Vulamba. Jiji limekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Kwenda kanisani ni kupanda, kwenda kuchota maji ni kushuka, kurudi ni kupanda tena ukiwa na bidoni la lita 20. Hata barabara ya kwenda Beni, umbali wa takriban kilomita 50, inateremka mamia ya mita kabla ya kufika. Mtu anayeishi hapa hawezi kumwambia goti lake lipumzike kwenye tambarare, kwa kuwa tambarare yenyewe ni haba.

Ugonjwa wenyewe ni wa dunia nzima. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu takriban milioni 528 walikuwa wanaishi na osteoathritisi, ule ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo ambao madaktari waliosoma kwa Kifaransa huuita arthrose. Goti ndilo lililoongoza, watu milioni 365. Wanawake ni asilimia 60 ya wagonjwa, na karibu robo tatu wamevuka miaka 55. Umri unachangia, uzito unachangia, jeraha la zamani linachangia, na kazi nayo ina sehemu yake. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulikuta kwamba wanaume waliofanya kazi za kukunja magoti huku wakibeba vitu vizito walipata ugonjwa huu zaidi kuliko wenzao. Beijing nako, mwaka 2004, waliochuchumaa saa nyingi kila siku ujanani walionekana kulipia magotini uzeeni. Anayepika juu ya mafiga, anayefua mtoni na anayepalilia maharage Lubero ataitambua kazi hiyo bila kufafanuliwa.

Usemi kwamba "mafuta ya goti yamekwisha" unasikika Butembo kama unavyosikika Nairobi na Mwanza. Si usemi wa kipumbavu. Ncha za mifupa gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi, na kati yake kuna ute unaolainisha. Gegedu likilika, mwendo hupoteza ulaini wake. Ubaya wa usemi huo ni kwamba unamgeuza mtu kuwa pikipiki. Kifaa kikiisha hubadilishwa, na kama hela ya kukibadilisha haipo, basi hukaa kusubiri kiharibike kabisa. Mgonjwa anayeamini hivyo anaanza kukaa.

Lakini gegedu halina neva za maumivu. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani ya goti ukivimba, kwenye kano na kwenye misuli. Ndiyo maana picha ya eksrei humdanganya hata aliyeisoma vizuri. Tangu mwaka 1957 madaktari hutumia ngazi za Kellgren na Lawrence, kutoka 0 hadi 4, kupima uchakavu unaoonekana kwenye picha. Kuna watu wa ngazi ya 3 wanaopanda vilima bila manung'uniko, na wengine wa ngazi ya 1 wanaolala bila usingizi. Picha huonyesha mfupa. Haionyeshi mguu unavyofanya kazi.

Ili kuona kazi hiyo, watafiti hubandika elektrodi ndogo juu ya ngozi ya paja na shavu la mguu na kusikiliza umeme hafifu ambao misuli hutoa inapojikaza. Kipimo hicho huitwa elektromiografia. Mtu hutembea, na kwa kila msuli hutokea mchoro unaoonyesha ulianza lini, ulipanda kiasi gani, ulizima lini.

Kwenye mguu mzima, michoro hiyo inafanana na watu wanaopokezana zamu ya kutwanga kinu. Kabla kisigino hakijagusa chini, misuli ya nyuma ya paja huushika muundi usirushwe mbele mno. Kisigino kinapogusa, misuli ya mbele ya paja huchukua zamu: goti linakunjika kidogo, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na misuli hiyo inauzuia mkunjo huo usiwe wa ghafla huku ikirefuka, kama mtu anayeshusha mzigo kwa kamba. Hapo ndipo kishindo kinapomezwa. Misuli ya pembeni ya nyonga hulizuia fupanyonga lisianguke upande mmoja. Ile ya mbele ya paja huzima mapema, mwili ukipita juu ya mguu. Kisha shavu la mguu huamka na kusukuma ardhi. Kila msuli una wakati wake wa kazi na wakati wake wa kupumzika, na pumziko hilo ni sehemu ya kazi.

Goti likiugua, zamu zinavurugika.

Jambo la kwanza linaloonekana kwenye michoro ya wagonjwa ni urefu. Misuli ya mbele ya paja, ambayo ingepaswa kuzima mapema, inaendelea kushika. Ya nyuma nayo haizimi baada ya kisigino kugusa. Inabaki imekaza pamoja na ya mbele, kila msuli ukivuta upande wake. Hali hii, ya misuli pinzani kujikaza kwa wakati mmoja, imeonekana maabara baada ya maabara tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kikundi cha Cheryl Hubley-Kozey katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, kilikuta kwamba msuli wa nyuma ya paja upande wa nje ndio unaopandisha sauti zaidi, na kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali ndivyo unavyozidi. Goti lenyewe linakunjika kidogo kuliko kawaida wakati wa kupokea uzito. Mwiko ule wa mama wa Kimemi ndio huu: mguu uliogeuzwa kuwa gongo.

Hapa inabidi msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa namba za michoro hii zina mtego. Nguvu ya msuli kwenye mchoro hulinganishwa na nguvu ya juu kabisa ambayo mtu huyo anaweza kutoa akijitahidi. Bidoni la lita 20 likibebwa na kijana wa miaka 25, linatumia sehemu ndogo ya uwezo wake; likibebwa na mtoto wa miaka 9, linatumia karibu wote, na bidoni ni lilelile. Mgonjwa wa goti ana misuli dhaifu. Hatua ileile ya kawaida inamgharimu sehemu kubwa zaidi ya nguvu alizobaki nazo. Kwa hiyo mchoro wake unapanda si kwa sababu ana misuli yenye nguvu, bali kwa sababu hana. Pia wagonjwa hutembea polepole, na mwendo wa polepole peke yake hubadilisha michoro. Watafiti makini hulinganisha watu wa mwendo mmoja, na hata hivyo tofauti hubaki.

Udhaifu huo unatoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba mtu ameacha kuutumia mguu. Lina ukweli, lakini halitoshi. Mwaka 1997, Charles Slemenda na wenzake wa Indiana waliwapima wazee ambao eksrei zao zilionyesha ugonjwa lakini hawakuwa na maumivu yoyote, watu ambao hawakuwa na sababu ya kuchechemea. Misuli yao ya mbele ya paja ilikuwa tayari imedhoofika. Kuna kitu kingine kinachoinyamazisha, na kitu hicho kimeonyeshwa kwa jaribio rahisi la kushangaza. Mwaka 1984 watafiti waliingiza maji ya chumvi kwenye magoti mazima ya watu wenye afya. Mililita 20 hadi 30 tu, yaani vijiko viwili vya chakula, zilitosha kuufifisha msuli wa ndani wa mbele ya paja. Hakukuwa na jeraha wala ugonjwa. Goti lililojaa lilituma habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo ukaukata msuli bila kumuuliza mwenye mguu.

Hiyo ndiyo maana ya goti "kuachia" ghafla kwenye mteremko. Mtu hajajikwaa. Goti lake limevimba kidogo tangu asubuhi, na msuli uliopaswa kulishika umeamriwa kulala. Akishaanguka mara moja, au akikaribia kuanguka, mwili unajifunza. Safari inayofuata anakaza kila kitu.

Kukaza kila kitu si upumbavu wa mwili. Gegedu likilika upande mmoja, mara nyingi upande wa ndani, nafasi kati ya mifupa hupungua, kano hulegea na goti huanza kuyumba kushoto na kulia. Miguu mingine hupinda na kuwa matege. Watafiti wa Delaware walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa ambao magoti yao yalikuwa yamelegea upande wa ndani ndio walioikaza zaidi misuli ya upande huohuo. Misuli inafanya kazi ya kano zilizolegea. Mtu mwenye meza inayoyumba huishika kwa mikono miwili. Hawezi kulaumiwa kwa kuishika.

Gharama iko kwingine. Misuli ya mbele na ya nyuma ikivuta pamoja, haiondoi mzigo gotini, inauongeza, kwa sababu yote miwili inabana mifupa iliyo kati yake. Na mzigo wa kawaida wenyewe si mdogo. Mjini Berlin, wagonjwa waliowekewa magoti ya chuma yenye vipimo ndani yake walipimwa nguvu zinazopita gotini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha wastani wa mara 2.6 ya uzito wa mwili kwa kutembea sakafuni, mara 3.2 kwa kupanda ngazi, na karibu mara 3.5 kwa kushuka. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni sawa na kilo 156 kwenye tambarare na zaidi ya kilo 200 kwenye kushuka, kila hatua, kabla mzigo wa mgongoni haujahesabiwa. Njia ya kilomita tatu ni hatua elfu nne hivi, elfu mbili kwa kila goti. Wengi hudhani kupanda ndiko kunakoliumiza goti kwa kuwa ndiko kunakokata pumzi. Kushuka ndiko kunakolibana zaidi.

Australia, Paul Hodges na wenzake waliwafuatilia wagonjwa kwa miezi 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliokaza misuli ya upande wa ndani kwa muda mrefu zaidi katika kila hatua ndio waliopoteza gegedu zaidi upande huo. Misuli ya upande wa nje haikuonyesha madhara hayo. Waliokaza huko walielekea kupoteza kidogo. Kwa hiyo si kila ukazaji ni adui. Kuna unaotegemeza na kuna unaosaga, na tofauti ni upande gani na kwa muda gani. Huu ndio ugunduzi wenye uzito kuliko yote katika uwanja huu, kwa kuwa unaihamisha misuli kutoka kwenye orodha ya wahanga na kuiweka kati ya wanaousukuma ugonjwa mbele.

Turathi ya kubeba inastahili kutazamwa hapa bila kuilaani wala kuipamba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani, namna ileile inayotumiwa na wanawake wa Kinande wa Butembo. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Utafiti wa baadaye kwa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukukuta nafuu hiyo, na mjadala haujaisha. Lakini pumzi na goti ni hesabu mbili. Mwendo unaookoa nguvu za mapafu haupunguzi kilo zinazopita kati ya paja na muundi. Mama anaweza kufika juu bila kuhema na goti likawa limelipa.

Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nayo ina somo lake. Mwendeshaji anaweka goti moja kwenye kipande cha raba kilichopigiliwa juu ya ubao, na mguu wa pili unasukuma ardhi. Mguu mmoja unafanya kazi ya shavu na nyonga maelfu ya mara. Mwingine umekunjwa na kubanwa saa nzima. Anayebadilisha miguu njiani anaigawa kazi hiyo kati ya magoti mawili.

Na kuna mwendo ambao mtu hauchagui. Tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014 kuzunguka Beni, familia nyingi zimekimbia vijiji kwa miguu, na wazee wamo. Mtu mwenye goti bovu akitembea siku nzima na godoro kichwani hana nafasi ya kupumzika kila msuli unapoomba. Misuli ikichoka, humeza kishindo vibaya zaidi, na goti hupokea kile ambacho paja limeshindwa kukipokea. Baada ya wiki anahesabiwa kambini kama mtu aliyefika salama, na ni kweli amefika.

Msaada wa kwanza ambao wengi hupata ni kidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kwenye famasi za mitaani, na zinatuliza kweli. Madhara yake yanajulikana: vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, figo, hasa kwa mzee anayemeza miezi mingi bila kupimwa. Kuna jingine lisilotajwa famasini. Utafiti wa mwaka 1993 nchini Marekani uliwapa wagonjwa dawa ya maumivu kisha ukawapima mwendo: maumivu yalishuka, na mzigo wa upande wa ndani wa goti ukapanda. Waliacha kulilinda. Hii si sababu ya kumnyima mtu dawa, maana maumivu yenyewe huzima misuli. Ni sababu ya kutompa dawa peke yake.

Kinachobaki, na ambacho ushahidi wake ni mwingi, ni kuifunza misuli upya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 54, yalithibitisha kwamba mazoezi hupunguza maumivu na kuongeza uwezo wa kufanya shughuli. Hayahitaji mashine. Kukaa kwenye kiti na kunyoosha goti polepole, kulishika kwa sekunde tano, kulishusha polepole zaidi. Kuinuka kitini bila kutumia mikono, kisha kukaa bila kujibwaga. Huko kukaa polepole ndiko kunakoifundisha misuli ya mbele ya paja kazi ya kushusha mzigo kwa kamba, ileile inayohitajika kwenye mteremko. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ili nyonga iamke. Siku mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi miwili mitatu, na kuongeza kidogo kidogo. Maumivu mepesi yanayotulia kabla ya kesho yake si dalili ya kuharibu goti. Mtaalamu wa viungo, yule ambaye watu wa mjini humwita kine, anaweza kufundisha haya kwa dakika chache, na wauguzi wa vituo vya afya nao wanaweza kujifunza kutoka kwake.

Nguvu peke yake hairudishi zamu zote. Utafiti wa Melbourne wa mwaka 2008 uliimarisha misuli ya mbele ya paja kwa wiki 12: mzigo wa upande wa ndani wa goti haukubadilika, na waliopata nafuu ya maumivu ni wale ambao miguu yao ilikuwa bado imenyooka. Wenye matege hawakupata nafuu ya maana. Kwa hao, na kwa kila anayekaa kwenye kilima, inabidi mzigo wenyewe ugawanywe: safari mbili za nusu mzigo badala ya moja, kushuka kwa mguu mgonjwa ukitangulia na kupanda kwa mguu mzima ukitangulia, na mkongojo.

Mkongojo hukataliwa kwa aibu kuliko dawa yoyote, na wanaoukubali mara nyingi huushika mkono wa upande unaouma. Unapaswa kuwa mkono wa pili. Ukishikwa hivyo, unasaidia misuli ya nyonga ya mguu mgonjwa na kuondoa sehemu ya mzigo wa ndani wa goti. Jaribio la Brazili la mwaka 2012 liliwapa wagonjwa fimbo kwa miezi miwili. Mwezi wa kwanza walitumia nguvu zaidi kutembea, kwa kuwa mwili ulikuwa unajifunza mwendo mgeni, na kufikia mwisho wa mwezi wa pili gharama hiyo haikuwa tatizo tena na maumivu yakawa yamepungua. Mikaratusi imejaa kwenye vilima vya Butembo, na fimbo iliyonyooka haikosekani. Hupimwa mtu akiwa amesimama wima, amevaa viatu vyake vya kila siku, mkono ukining'inia. Hukatwa pale kishiko kinapolingana na kifundo cha mkono, na ncha ya chini hufungwa kipande cha raba ya tairi ili isiteleze kwenye udongo.